Kwenye kikao cha ukoo, waulizie na watoto waliotangulia (Sehemu ya 6)

 

Wiki iliyopita tuliongea homa ya mtoto usiku. Leo tunahama wodini kidogo. Desemba inakuja, tiketi za mabasi zishaanza kupanda bei, na wengi wetu tutaenda nyumbani. Siku hizi kwenda nyumbani siyo kula na kusalimia tu. Familia nyingi zinafanya kikao cha ukoo. Kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna fulana za rangi moja, na kuna yule kijana aliyesoma anayekuja na laptop kuchora mti wa ukoo. Wazee wanakaa mbele, wanatamka majina, yeye anaandika.

Mimi napenda sana vikao hivi. Lakini ngoja nikusimulie cha kwetu, halafu utaelewa kwa nini nakuandikia wewe mwenye mtoto mgongoni au tumboni.

Kwetu ni Kagera. Mimi nafanya kazi Mwanza, wodi ya watoto, kwa hiyo Krismasi napanda meli ya usiku na asubuhi niko Bukoba. Mwaka huo, miaka michache nyuma, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tunafanya kikao rasmi. Turubai limefungwa kwenye kibanja, watu zaidi ya themanini, wazee wanatafuna kahawa zao taratibu. Baba mkubwa alisimama akatutajia ukoo, mnyama wetu wa mwiko, babu wa kwanza alitokea wapi, akamzaa nani, huyo naye akamzaa nani. Vizazi nane, bila karatasi! Watu walipiga makofi. Mimi mwenyewe machozi yalinilengalenga.

Ila nilikuwa nimekaa pembeni ya wifi yangu, mke wa kaka. Yeye hakupiga makofi. Alikuwa amempakata mwanawe wa miaka miwili, amemfunika na kitenge ingawa kulikuwa na joto.

Mtoto huyo tulikuwa tumeshampima miezi mitatu nyuma. Alianza akiwa na miezi minane, mikono na miguu inavimba, analia hataki kuguswa. Wakasema ameteguka. Baadaye macho yakawa ya njano, damu ikapungua, akaongezewa mara mbili. Majibu yalipotoka ilikuwa siko seli, au selimundu kama inavyoandikwa vitabuni.

Sasa kwenye ukoo habari zilishafika kabla yetu, na zilifika vibaya. Nilipokuwa nachota maji nikasikia watu wawili nyuma ya jiko: "Kwetu ugonjwa huo haupo. Huyu mwanamke ndiye ametuletea."

Mama mwenzangu, kama hujawahi kuitwa mleta ugonjwa kwenye nyumba ya watu, mshukuru Mungu. Wifi alikuwa amekonda. Kaka alikuwa kimya, na ule ukimya wake ndio ulikuwa unamuua mke wake zaidi kuliko maneno ya jikoni.

Mimi ni nesi. Najua siko seli haiji kwa mzazi mmoja. Lazima baba awe amempa mtoto mbegu moja na mama ampe nyingine. Kwa hiyo kama mtoto anaumwa, basi kwenye damu ya kaka yangu, yaani kwenye damu yetu sisi wenye vizazi nane vya kupigiwa makofi, ugonjwa ulikuwepo. Mti wa ukoo tu ndio haukuwa umeuandika.

Nilivyoharibu

Baba mkubwa alikuwa amenipa dakika kumi na tano baada ya chakula niongelee afya. Unajua kwenye vikao hivi nesi wa ukoo lazima apewe nafasi, waliozoea watadhani utaongelea presha na kupunguza chumvi.

Nikasimama na daftari langu. Nikawa na hasira pia, sitaficha. Nikauliza mbele ya watu wote: "Wazee wangu, kati yenu nani alifiwa na mtoto mdogo? Na alikufa na dalili gani?"

Kukawa kimya. Shangazi yangu mkubwa akanyanyuka, akakusanya sahani, akaondoka. Baba mkubwa akasema kwa upole, "Mwanangu, leo tumekuja kufurahi. Makaburi hayafukuliwi kwenye karamu." Watu wakacheka kidogo ili kuniokoa. Nikakaa.

Nilikosea, na nakwambia ili usirudie kosa langu. Nilikuwa na swali sahihi, lakini nililiuliza mahali pasipo pake. Mtu aliyemzika mwanawe miaka arobaini iliyopita huwezi kumtaka akujibu kwa kipaza sauti. Hata wodini hatufanyi hivyo. Mgonjwa tunamvutia pazia kwanza ndipo tunamuuliza.

Jikoni

Kesho yake asubuhi sikwenda kwenye turubai. Nilikaa jikoni kumenya ndizi na wanawake. Bibi yangu mzaa baba alikuwa kwenye mkeka, wakati huo bado anaona vizuri, anamenya haraka kutushinda wote. Sikuuliza kitu. Nilimwomba wifi amlete mtoto nimpake mafuta, nikawa naikanda mikono yake midogo polepole.

Bibi akaangalia. Akaacha kisu. Akasema, "Hata yule wangu wa tatu mikono ilikuwa hivyo."

Basi ndugu zangu, jiko lile lilinyamaza.

Bibi alizaa tisa. Mimi maisha yangu yote nilijua amezaa sita, maana hao ndio baba na ndugu zake, na hao ndio waliotajwa kwenye kikao. Watatu walifariki kabla ya miaka mitano. Akawataja majina, mmoja mmoja, na wapi wamelala kwenye kibanja, karibu na mti gani. Wawili walivimba mikono na miguu, wakawa na macho ya njano, wakiugua kila msimu wa mvua. Wa tatu alikufa ghafla na homa, mwili mweupe kama hauna damu.

Nikamuuliza, "Bibi, watu walisemaje?"

Akasema, "Walisema nimekuja na damu mbaya. Mama mkwe alinirudisha kwetu, nikakaa huko kuanzia mavuno mpaka mavuno. Babu yenu ndiye alinifuata."

Wifi alianza kulia. Bibi akamvuta akamlaza kichwa kwenye mapaja yake, na mtoto yupo katikati yao. Miaka sitini kati yao, na maneno waliyoambiwa ni yaleyale.

Halafu shangazi, yule aliyenyanyuka jana na sahani, akasema bila kutuangalia: "Na mimi mmoja."

Sasa, mimi siwezi kupima kaburi. Kwa hao wanne siwezi kuapa kwamba ilikuwa siko seli, maana malaria na vichomi viliondoa watoto wengi sana enzi hizo. Lakini mtoto mchanga anayevimba mikono na miguu yote na kuwa na macho ya njano, tena zaidi ya mmoja kwenye nyumba moja, hiyo ni dalili inayotosha kumpeleka kila mjukuu maabara. Kama hadithi hiyo ingekuwa inajulikana, mwanetu asingekandwa miezi mingapi kwa kudhaniwa ameteguka.

Kwa nini ukanda wetu

Nikueleze kidogo, maana wengi mnaniuliza inboksi kwa nini ugonjwa huu upo zaidi kwetu.

Mwaka 1910 daktari wa Chicago, James Herrick, aliandika juu ya kijana mwenye upungufu wa damu ambaye chembe zake nyekundu, zikitazamwa kwenye hadubini, zilikuwa zimepinda kama mundu. Ndiyo maana ya selimundu. Mwaka 1949 ikathibitishwa kwamba mgonjwa amerithi kwa wazazi wote wawili. Halafu mwaka 1954 daktari aliyekulia Kenya, Anthony Allison, akaonyesha jambo la ajabu: wabebaji wa mbegu moja wamekingwa kiasi dhidi ya malaria kali. Alikuta wabebaji ni wengi pwani na kuzunguka Ziwa Viktoria kwenye malaria nyingi, na wachache kwenye nyanda za juu zenye baridi.

Umeona? Mbegu hii siyo laana ya mwanamke fulani. Ilibaki kwenye damu zetu kwa sababu iliwasaidia mababu zetu wengi kutokufa na malaria. Wale vizazi nane wa baba mkubwa, huenda baadhi yao walifika utu uzima kwa sababu hiyo. Taabu inakuja pale tu mbegu mbili zinapokutana kwa mtoto mmoja.

Dakika kumi na tano za pili

Mwaka uliofuata niliomba nafasi tena. Safari hii nilianza mapema. Mwezi wa tisa nilimpigia simu baba mkubwa, nikamweleza alichosema bibi, kwa ruhusa ya bibi. Alikaa kimya kwenye simu muda mrefu. Kumbe na yeye alikuwa anawakumbuka wadogo zake. Alikuwa mkubwa wa kutosha kuwabeba mgongoni.

Pia mimi na kaka tulikwenda parokiani. Hili liandike kama unatafuta historia ya familia: vitabu vya ubatizo ni hazina. Mti wa ukoo unakuandikia baba na babu, lakini kitabu cha ubatizo kinaandika na jina la mama. Tulimwomba karani kwa adabu, akatufungulia. Tukapata wawili kati ya wale watatu, na tarehe zao, na jina la bibi pale kwenye nafasi ya mama, kwa wino uliofifia. Kaka aliweka kidole chini ya jina lile akakaa nalo.

Alipotoka pale aliniambia, "Twende nikapime." Alikuwa anakataa mwaka mzima. Alipima. Ni mbebaji.

Siku ya kikao sikushika daftari. Nilishika maharage, mekundu na meupe. Nikamwita kijana mmoja na binti mmoja mbele. Kila mmoja nikampa maharage mawili, moja jekundu na moja jeupe. Nikasema: jekundu ndiyo mbegu ya siko seli. Hawa wote wawili ni wazima, wanalima, wanacheza mpira, hawajui hata kama wanalo. Sasa wanaoana. Kila mmoja afumbe macho ampe mtoto harage moja.

Wakatoa. Meupe mawili. Huyo mtoto hana kitu. Mara ya pili, jekundu na jeupe. Huyo ni mbebaji kama wazazi wake. Mara ya tatu, jekundu na jeupe tena. Mara ya tano yakatoka mekundu mawili, na watu wote wakasema "Aah!"

Nikawaambia: kwa wazazi wa namna hii, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye siko seli, nafasi mbili kati ya nne za mbebaji, na moja ya mtoto asiye na mbegu kabisa. Na kila mimba inaanza upya. Usiseme "wa kwanza anaumwa, basi watatu wanaofuata ni salama." Maharage hayakumbuki yalitoka nini jana.

Halafu nikauliza: "Kati ya hawa wawili, nani ameleta ugonjwa?"

Mzee mmoja akajibu kutoka nyuma, "Wote. Au hakuna."

Hapo kaka yangu akasimama. Hakuwa kwenye ratiba. Akasema, "Mimi nimepima. Ninalo jekundu. Mke wangu hakuleta kitu ambacho sikuwa nacho." Akakaa. Sentensi tatu tu, lakini wifi alizingoja mwaka na nusu.

Baba mkubwa naye akafanya kitu ambacho sikumwomba. Aliposoma mti wa ukoo mwaka ule, alipofika kwa babu alitaja watoto tisa. Akataja na mama yao. Bibi alikuwa mbele kwenye kiti chake, akawa anatikisa kichwa kila jina linapotajwa, kama anahesabu wanarudi kutoka shule.

Sasa wewe

Siyo sisi tu. Marekani, tangu mwaka 2004, ofisi ya daktari mkuu wa serikali yao iliitangaza Sikukuu ya Shukrani kuwa pia siku ya historia ya afya ya familia, kwa sababu ndiyo siku ndugu wanakula pamoja. Kule Salt Lake City kuna mkutano wa kila mwaka unaitwa RootsTech, ulianza 2011, watu wanakaa siku kadhaa wanafundishana namna ya kutafuta ukoo. Sisi hatuhitaji ukumbi. Turubai tunalo, wazee tunao. Tuongeze maswali tu.

Kwa hiyo Desemba hii, kama kwenu kuna kikao, fanya hivi:

1. Usianzie kwenye kipaza sauti. Anzia jikoni, shambani, au unapomsindikiza bibi kulala. Mwambie kwa nini unauliza: "Bibi, nataka kujua ili niwalinde hawa wadogo." Akikataa, mwache. Pengine atakuita mwenyewe kesho.

2. Uliza upande wa mama na upande wa baba, vyote. Mtoto wako ana damu ya pande mbili hata kama ana jina la ukoo mmoja.

3. Uliza mimba na watoto wote, siyo waliokua tu. Umri, dalili, na walikuwa wa mama yupi. Jina la ugonjwa wazee wanaweza wasilijue, ila dalili wanazikumbuka: kuvimba mikono, macho ya njano, kuishiwa damu, degedege.

4. Kwa akina mama, uliza nani alipata kifafa cha mimba na nani alitokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Kama mama yako au dada yako alipata kifafa cha mimba, mwambie nesi kliniki siku ya kwanza. Uliza pia kisukari, presha, na saratani ya matiti iliyompata mtu akiwa bado kijana.

5. Andika, na omba ruhusa kabla ya kuweka kwenye kundi la WhatsApp. Siri ya mtu siyo tangazo la ukoo.

6. Majibu ya kipimo hayasomwi kikaoni. Kaka yangu alisema ya kwake mwenyewe kwa hiari yake. Kipimo cha kurithi kinaweza kufungua mambo mengine ya ndani ya nyumba ambayo hamkuyatafuta. Kila mtu apokee majibu yake faragha, na mshauri awepo.

7. Na usimruhusu mtu kutumia historia hiyo kumpiga mwenzake. Ukisikia "yule ndiye kaleta," chukua maharage.

Kama umejua kwenye familia kuna siko seli, au watoto walikufa na dalili hizo, omba kipimo. Wachumba, mpime kabla ya ndoa, siyo ili mkimbiane, ila mjue mnachoingia nacho. Mtoto mchanga mwenye siko seli huzaliwa anaonekana mzima kabisa, kwa sababu damu aliyozaliwa nayo inamlinda miezi ya mwanzo. Dalili nyingi huanza akikaribia miezi sita na kuendelea. Ukijua mapema, anaanzishiwa penisilini ya kukinga maambukizi, foliki asidi, kinga ya malaria, chanjo zote kwa wakati, na daktari anaweza kumwanzishia haidroksiyurea ambayo hupunguza maumivu na kulazwa. Na wewe nyumbani unajua: maji mengi, asipigwe na baridi, na homa kwake ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo, siyo ya kusubiri asubuhi. Hilo la mwisho naomba ulisome mara mbili.

Mwanetu sasa yuko darasa la pili. Analazwa mara moja moja, siwadanganyi kwamba amepona. Lakini anajua kuomba maji mwenyewe, na walimu wake wanajua asikimbizwe mchakamchaka asubuhi ya baridi. Mimi pia nilipima. Ninalo jekundu moja. Mume wangu hana. Tulikaa na majibu yale mkononi kwenye benchi la maabara, tukacheka kama wajinga kwa kupumua.

Bibi ametangulia mwaka jana. Kwenye mazishi, msomaji wa wasifu alisema, "Marehemu alijaliwa watoto tisa." Nilimwangalia wifi, naye akaniangalia.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaongelea upungufu wa damu kwa mjamzito. Leo mpigie simu bibi yako kwanza.